Mvua kwanza, mfalme baadaye: nchi na watu wa dunia ya kubuni wanatoka wapi

Watunzi wengi wa fantasia huanza dunia yao kwa mfalme. Linapatikana jina la ufalme, bendera, uhasama wa karne tatu na jirani, halafu ndipo ramani inachorwa kuuzunguka: mlima unawekwa hapa kwa kuwa karatasi ilibaki tupu, mto unapitishwa pale kwa kuwa jeshi lilihitaji kitu cha kuvuka. Baada ya sura tano, mji wa watu laki moja umekaa katikati ya jangwa na hakuna anayejua unakula nini. Msomaji huenda asiweze kulitaja kosa, ila analihisi. Nchi ile ni pazia la jukwaani. Upepo kidogo tu, linatikisika.

Ni rahisi zaidi kuanzia mwisho wa pili. Upepo unaleta mvua, mvua inazaa mto, mto unalisha shamba, na shamba linaamua ni watu wangapi wanaweza kula bila kushika jembe. Hao wasioshika jembe ndio wafalme wako, makuhani, askari, wahunzi na wachawi. Tuchore basi nchi moja ya mfano tangu karatasi tupu, tuone kila hatua inaidai nini hatua inayofuata.

Karatasi na kipimo chake

Chukua karatasi ya A4, isimame wima. Ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Amua sasa hivi, kabla ya mstari wowote, kwamba sentimita 1 ni kilomita 50. Karatasi yako imekuwa nchi na bahari yenye upana wa kilomita 1,050 na urefu wa kilomita 1,485. Mtu mzima mwenye njia nzuri na safari ndefu mbele yake hutembea kama kilomita 25 kwa siku, kwa hiyo sentimita moja ni siku mbili za mguu. Kuvuka karatasi kwa upana ni siku 42. Kuivuka kwa urefu ni karibu miezi miwili.

Andika namba hizo pembeni mwa ramani, maana hapa ndipo hadithi nyingi huanguka kwanza: habari za msiba zinatoka ngome moja na kufika nyingine kesho yake asubuhi, wakati kati yao kuna sentimita sita, yaani kilomita 300. Herodotus, mwanahistoria wa Wagiriki wa kale, alihesabu kuwa barabara ya kifalme ya Waajemi, kutoka Sardis (Uturuki ya leo) hadi Susa (Irani ya leo), ilimchukua mtembea kwa miguu siku 90. Matarishi wa mfalme waliopokezana farasi kituo hadi kituo walifika kwa muda mfupi mno kuliko huo, lakini ilibidi kwanza vituo vijengwe, farasi walishwe na mtu alipwe kuwalisha. Mwendo wa kasi una gharama, na gharama hiyo lazima ionekane kwenye ramani.

Jambo la pili ni mahali nchi ilipo kwenye tufe. Ikiwa dunia yako ina ukubwa wa hii yetu, digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo karatasi nzima inafunika digrii 13 hivi. Nchi yetu ya mfano tuiweke kusini mwa ikweta, kati ya digrii 10 na 23. Ardhi ichukue sentimita 14 za katikati, bahari pande zote mbili.

Hewa inakamuliwa mlimani

Karibu na ikweta jua linachoma sana, hewa inapanda, inapoa na kumwaga mvua. Hewa hiyo hiyo, ikiwa imeshakamuliwa maji, inasafiri juu juu kwenda kaskazini na kusini, kisha inashuka karibu na digrii 30. Hewa inayoshuka hupata joto na hukausha kila inachokigusa. Ndiyo maana Sahara iko upande mmoja wa ikweta, na Kalahari na majangwa ya Australia upande wa pili, kama mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Chini, juu ya ardhi na bahari, kati ya ikweta na digrii 30 upepo hutoka zaidi mashariki; kati ya digrii 30 na 60 hutoka zaidi magharibi. (Ukiamua dunia yako izunguke kinyume, jua lichomoze magharibi, basi geuza na pepo zote. Wengi hugeuza jua wakasahau upepo.)

Katika nchi yetu, basi, upepo unaingia kutoka kusini-mashariki ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Chora safu ya milima kutoka kaskazini hadi kusini, sentimita 4 kutoka pwani ya mashariki, yenye kimo cha mita 3,000. Sasa ifuate hewa hatua kwa hatua. Inaanza pwani na nyuzijoto 28. Inapopanda ikiwa bado haijatoa mawingu, inapoteza kama nyuzi 10 kwa kila mita 1,000; ikifika mita 1,000 ina nyuzi 18, mawingu yanaanza. Kuanzia hapo mvuke unaogeuka maji unarudishia hewa sehemu ya joto lake, hivyo inapoa polepole zaidi, tuseme nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kileleni ina nyuzi 6, na karibu kila kitu ilichobeba imeshakimwaga upande wa mashariki. Inashuka upande wa pili ikiwa kavu, na hewa kavu hupata tena nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ikirudi usawa wa bahari ina nyuzi 36.

Hewa ile ile iliingia ikiwa 28 na majimaji, imetoka ikiwa 36 na kiu. Mlima mmoja umekupa misitu upande mmoja na nyika ya miiba upande wa pili. Atakaye kuona mfano halisi aitazame Madagascar, iliyo karibu latitudo hizo hizo: mashariki misitu ya mvua, kusini-magharibi mimea ya miiba inayohifadhi maji mwilini.

Pwani ya magharibi ina siri nyingine. Katika latitudo hizi mkondo baridi wa bahari hupanda kutoka kusini ukiambaa pwani za magharibi, kama ule wa Humboldt mbele ya jangwa la Atacama, Amerika ya Kusini, na ule wa Benguela mbele ya jangwa la Namib, kusini-magharibi mwa Afrika. Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha kuleta mvua. Hutoa ukungu tu. Lakini maji hayo hayo, yanayopanda kutoka vilindini, yana virutubisho vingi na samaki wengi mno. Kwa hiyo kwenye ukingo wa magharibi chora jangwa la upana wa sentimita 2 lenye vijiji vya wavuvi waliokauka kwa jua na walioshiba samaki. Hakuna mtunzi ambaye angewafikiria watu hawa akianza na mfalme.

Mito, kwa ufupi

Mito huungana, haigawanyiki. Vijito viwili huwa kimoja, na hivyo hivyo hadi baharini, isipokuwa kwenye delta. Ziwa huwa na mto mmoja wa kutoka, kwa sababu maji hupitia upenyo ulio chini kuliko yote na kuuchimba zaidi. Mto hauunganishi bahari mbili. Zipo ajabu chache, kama Casiquiare ya Amerika ya Kusini, inayotoa maji ya Orinoco na kuyapeleka upande wa Amazon, na ipo mito inayopasua safu za milima kwa kuwa ilikuwepo kabla milima haijainuka. Ajabu kama hiyo ukiitaka, iwe moja, na watu wa nchi waishangae.

Ziwa lisilo na njia ya kutoka hupoteza maji kwa jua tu, na chumvi inabaki. Ndivyo ilivyo Bahari ya Chumvi, Kaspi na Turkana. Katika nchi yetu upande wa mashariki una mito mifupi yenye maporomoko, ambayo mashua huweza kuipanda kilomita chache tu kutoka mdomoni. Magharibi kuna mito miwili mirefu. Wa kaskazini una nguvu za kutosha kuvuka jangwa hadi baharini. Wa kusini unachoka njiani na kufia kwenye ziwa la chumvi. Litie alama ziwa hilo, tutarudi kwalo.

Mji wa watu elfu kumi unakula nini

Chukua familia ya wakulima watano yenye hekta 4, bila mbolea za viwandani wala trekta. Hekta moja inalazwa ipumzike. Tatu zilizobaki zinatoa kilo 800 za nafaka kila moja: jumla 2,400. Robo inarudi ardhini kama mbegu, yaani 600. Watu watano wakila kilo 250 kila mmoja kwa mwaka, hiyo ni 1,250. Panya, fukusi na unyevu wanachukua 150. Inabaki ziada ya kilo 400. Mwaka mzima wa jasho la watu watano unalisha mtu mmoja na nusu asiyelima.

Mji wa watu 10,000 unahitaji tani 2,500 kwa mwaka. Ziada yote ikienda mjini, zinahitajika familia 6,250. Lakini haiendi yote: bwana wa shamba ana sehemu yake, hekalu lina yake, na mkulima mwenye akili anaficha gunia. Tuseme nusu ndiyo inayofika. Sasa ni familia 12,500, na mashamba ya hekta 50,000, ambayo ni kilomita za mraba 500. Ongeza misitu ya kuni, malisho, miamba na vinamasi kwa kuzidisha mara tatu, unapata kilomita za mraba 1,500. Hilo ni duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 22.

Kwenye ramani yetu duara hilo ni dogo kuliko sarafu, halifiki hata sentimita moja kutoka katikati hadi ukingoni. Ndani yake wanaishi watu 72,500, na kati yao kila saba mmoja tu ndiye wa mjini. Mchezo mzima wa miji uko katika uwiano huu. Ukitaka mji wa watu 40,000, duara linapanuka hadi kilomita 44, na mkulima wa ukingoni yuko safari ya siku mbili kutoka sokoni. Hapo tatizo jipya linaanza: nani anabeba?

Mzigo unaojila wenyewe

Mpagazi anabeba kilo 30 za nafaka na kutembea kilomita 20 kwa siku. Anakula kilo moja kwa siku, na lazima arudi kwao. Soko likiwa kilomita 100, anatumia siku 10 kwenda na kurudi. Anafikisha kilo 20. Likiwa kilomita 200, anafikisha kilo 10. Likiwa kilomita 300, anafika na chakula cha kumrudisha nyumbani tu. Mkokoteni wa ng'ombe unasaidia kwa kiasi, lakini ng'ombe naye anataka malisho na njia isiyo na matope, na mara nyingi mwendo wake ni mdogo kuliko wa mtu.

Sasa tazama jahazi la tani 20 lenye mabaharia sita. Safari ya siku 20 inawalisha kilo 120, ambazo hazifiki hata asilimia moja ya shehena. Tofauti hii ndiyo inayoamua miji mikubwa ikae wapi. Katika nchi yetu mji mkubwa unaweza kuwa pwani ya mashariki, kwenye mdomo wa mto, ukilishwa na bandari ndogo ndogo zilizopangana kaskazini na kusini yake. Hauwezi kuwa mlimani. Mlimani panaweza kuwa na ngome, soko la msimu, hekalu la kuhiji, lakini si mji wa watu elfu arobaini, labda utoe maelezo ambayo msomaji atayaamini.

Bidhaa nyepesi zenye thamani zinafuata hesabu tofauti. Mtu mzima akitumia gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa mwaka hazifiki kilo mbili. Mzigo mmoja wa kilo 30 unawatosha watu kumi na watano mwaka mzima, kwa hiyo chumvi inavuka mlima ambao nafaka haiwezi kuuvuka. Msafiri Ibn Battuta alipopita Taghaza, machimbo ya chumvi katikati ya Sahara, mwaka 1352, alikuta nyumba zilizojengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Chakula chote cha wachimbaji kililetwa kutoka mbali. Kwa nini mtu akae mahali kama pale? Kwa sababu kusini kulikuwa na dhahabu, na watu waliohitaji chumvi. Lile ziwa letu ambamo mto unafia limepata wenyeji wake.

Madini ni vivyo hivyo. Shaba nyekundu peke yake ni laini. Ukiichanganya na bati, kama sehemu moja kwa tisa, unapata madini magumu ya kutengenezea silaha. Lakini bati ni adimu, na ni nadra liwe jirani na shaba. Meli iliyozama Uluburun, pwani ya Uturuki, katika karne ya 14 kabla ya Kristo, ilikutwa na takribani tani 10 za shaba na tani moja ya bati, karibu uwiano ule ule. Wafalme wako wakiwa na panga za madini hayo, wana mshirika wa mbali wasiyeweza kumkasirisha.

Na usisahau kuwa upepo una majira. Wenye majahazi ya Bahari ya Hindi walikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na kati ya pepo hizo mbili ilibidi wasubiri. Mfanyabiashara anayekaa miezi kadhaa kila mwaka kwenye bandari ya ugenini hupanga nyumba, huoa, hujenga msikiti au hekalu lake, na watoto wake huongea lugha mbili. Ukitaka mji mchanganyiko, anza na upepo unaomlazimisha mgeni asubiri.

Watu wasiwe wa rangi moja ya kalamu

Hapa ndipo ramani nyingi nzuri huharibika. Mlima wanapewa watu wakali, msitu watu wenye hekima, nyika watu wa vita, pwani walanguzi, kila eneo tabia moja. Kinachowatofautisha majirani kwa kawaida ni namna ya kujipatia riziki, na tabia unazoziona ni matokeo ya riziki hiyo zikitazamwa na jirani aliyekasirika.

Mfano ulio wazi ni bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistani, alilolieleza mwanaanthropolojia Fredrik Barth mwaka 1956. Watu wa aina tatu walishiriki bonde moja. Wapathani walikaa sehemu za chini ambako ardhi hutoa mavuno mawili kwa mwaka, na waliishia pale mavuno mawili yalipoishia. Wakohistani walikaa juu zaidi, wakivuna mara moja na kuhamisha mifugo kulingana na majira. Wagujari, wafugaji, walitumia malisho ambayo wengine hawakuyahitaji. Mpaka kati yao haukuwa ukuta wala mto. Ulikuwa mwinuko ambapo mazao ya pili hayawahi kukomaa. Mlima wako ukiwa na mita 3,000, na joto likipungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, una nafasi ya kuchora mipaka ya namna hiyo miwili au mitatu bila mtu kumwaga damu.

Weka sasa namba. Mashariki mwa safu kuna kilomita 200 kwa 1,300. Ukiamua watu 30 kwa kilomita ya mraba, ni milioni 7.8. Nyika ya magharibi, kilomita 400 kwa 1,300, ukiamua wafugaji wawili kwa kilomita ya mraba, ni milioni moja na kidogo. Wakulima wanawazidi wafugaji zaidi ya mara saba. Hata hivyo kila mfugaji mzima anajua kupanda farasi na kuhama na kaya yake, ilhali wakulima wengi hawawezi kuacha shamba wakati wa palizi. Ndiyo maana wachache wanaweza kuwatisha wengi kwa msimu mmoja, na ndiyo maana wakishinda hulazimika kukaa, kukusanya kodi, na kuwa kama wale waliowashinda.

Kinachoweza kuwazuia wasivuke ni kitu kidogo kuliko jeshi. Afrika, mbung'o walifanya ng'ombe na farasi wasistahimili katika mikanda mingi ya misitu, na wapanda farasi wa nyika walipofika huko nguvu yao ilikwisha. Mdudu mmoja kwenye msitu wa mashariki ataeleza amani ya miaka mia tano vizuri kuliko mkataba wowote.

Kumbuka pia kwamba maadui hawa wanahitajiana. Mfugaji hawezi kuishi kwa maziwa na nyama peke yake mwaka mzima. Anataka nafaka, chuma na nguo. Mkulima anataka ngozi, wanyama wa kazi na chumvi ya lile ziwa. Mahali pa kubadilishana ni kwenye njia ya kuvukia mlima, na hapo ndipo panapozaliwa watu wa nne: wapagazi, wakalimani na watoza ushuru wa kipitio, wasio wa upande wowote na wanaochukiwa na pande zote.

Majina yatoke kwenye sheria

Majina yakitungwa moja moja husikika kama yametoka kwenye mfuko mmoja wa herufi. Tunga badala yake maneno mama kama thelathini (mto, mlima, maji, ng'ombe, juu, chini, kubwa, peupe), halafu uyapitishe kwenye sheria za sauti. Tuseme zamani mto uliitwa pelaku na mlima kopi. Pwani, kila p imekuwa f na kila k imekuwa h: felahu, hofi. Nyikani, irabu ya mwisho imedondoka, na irabu kati ya p na l imemezwa: plak, kop. Lugha mbili zimepatikana kwa sheria nne, na msomaji makini atagundua undugu wao bila kuambiwa.

Sheria ivunjike mara moja ikihitajika, isivunjike kila ukurasa. Mabadiliko ya sauti katika lugha halisi hufuata mkondo: tembo yule yule ni ndovu kwa Kiswahili, njovu kwa Kiganda, njogu kwa Kikuyu, nzou kwa Kishona na indlovu kwa Kizulu. Tofauti ni kubwa masikioni, lakini kila moja ina mwenzake katika maneno mengine.

Maneno ya kukopa nayo ni kumbukumbu. Kiswahili kilichukua meza kwa Wareno na shule kwa Wajerumani. Anayejua hilo anajua nani alipita na alikuja na nini. Wafugaji wako wasiwe na neno lao la mashua, wakope la pwani. Watu wa pwani wakope neno la tandiko la farasi. Na wageni wakikuta mto wakauliza jina lake, mara nyingi hujibiwa neno la kawaida tu: Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, kwa hiyo Ziwa Nyasa ni ziwa ziwa. Ramani yenye Mto Plak katika nchi ya watu wanaosema felahu inaeleza kuwa wafugaji walifika huko zamani, kabla hujaandika sentensi moja ya historia.

Joka, jitu na mchawi

Viumbe wa ajabu nao wanakula. Utafiti wa wanabiolojia Carbone na Gittleman wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kilo 10,000 za mawindo hutosha kilo 90 hivi za mnyama mla nyama. Joka la tani mbili basi linahitaji kuzungukwa na tani 220 za wanyama walio hai, kama nyati 440 wa kilo 500 kila mmoja. Majoka kumi yanataka nyati 4,400 na nafasi ya kuwalisha. Hivyo majoka ni wachache, yanaishi mbalimbali na yanalinda mipaka yake. Nyika ya magharibi inaweza kuyabeba. Msitu wa mashariki hauwezi.

Jitu lenye kimo mara mbili ya mtu, umbo lile lile, lina uzito mara nane na mifupa yenye nguvu mara nne tu. Mtu wa kilo 70 amekuwa jitu la kilo 560 linaloumwa magoti. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alikwisha kueleza sababu mwaka 1638. Mpe miguu minene, mwendo wa polepole, au uchawi unaombeba. Ila ukichagua uchawi, ujue unaisha lini.

Maana uchawi wote huulizwa swali lilelile la mpagazi: unapunguza gharama ya nini? Ndege wa kupeleka habari wanapanua eneo ambalo mfalme mmoja anaweza kulitawala. Tiba ya uhakika inaongeza watoto wanaopona, na baada ya vizazi viwili ardhi ya hekta 4 imegawanywa mbili. Mara nyingi uchawi mkubwa kuliko wote ni ule usiopendeza kuuchora. Chukua mganga anayeweza tu kuzuia fukusi na uvundo kwenye nafaka. Zile kilo 150 zilizopotea kwa kila familia zinabaki, ziada inapanda kutoka 400 hadi 550, na mji wa watu 10,000 unaweza kufika 13,750 bila kuongeza shamba hata moja. Mganga huyo hatakaa mnarani. Atakaa ghalani, na mlangoni pake patakuwa na walinzi wengi kuliko wa mfalme.